Ziwa Likifungwa, Ndoano Nayo Ipumzike?

MVUVI WA NDOANO: Swali langu ni moja, na nimelibeba tangu tulipoanza kuambiwa habari ya miezi mitatu. Wenzetu wa Tanzania walifunga ziwa tarehe 15 Mei 2024, wakalifungua 15 Agosti. Nchi zote nne zinazozunguka Tanganyika zimekubaliana kwamba kila mwaka lipumzike. Vizuri. Nyavu zipumzike, taa zipumzike, na zile musitikeri zinazokokotwa kandokando na kuzoa mpaka mayai zipumzike milele. Lakini ndoano yangu ya manyoya imelikosea nini ziwa? Natoka Baraka, huku upande wa Kongo, alfajiri, mtumbwi wa mtu mmoja, mshipi mmoja, ndoano kumi. Nikirudi na mukeke ishirini, hiyo ni siku ya kusimulia. Na hakuna hata mmoja kati yao aliye mfupi kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ngumi. Ndoano inachagua. Wavu hauchagui.

MWENYE EKIPE: Hapo kwenye kuchagua ndipo ninapotaka tukae, baba. Unachagua nani? Mukeke wa kiwiko hadi ngumi ndiye aliyekwisha kukomaa, ndiye mwenye mayai tumboni. Ndakala wangu, dagaa huyu mdogo, anakua kwa miezi. Akifika mwaka na nusu huyo ni mzee wa kijiji. Nikimzoa leo, nyuma yake wengine wanapanda. Mukeke anataka miaka kabla hajazaa. Mimi nachuma sombe, wewe unang'oa muhogo.

MVUVI WA NDOANO: Na wavu wako ukiinuka, ndani yake hamna watoto wa mukeke?

MWENYE EKIPE: Wamo.

MVUVI WA NDOANO: Wengi?

MWENYE EKIPE: Kuna usiku wanakuwa wengi. Sitadanganya mbele ya watu wanaouona wavu wangu kila asubuhi. Ndiyo maana mimi nakubali kufunga. Ekipe yangu, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, itavutwa nchi kavu, taa zitatundikwa ukutani, na vijana wangu watakaa miezi mitatu bila kazi. Ninachokataa ni kimoja: mimi nilale, halafu nikiamka asubuhi nikuone wewe ukipita mbele ya nyumba yangu na mukeke begani.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Kabla hamjafika mbali, tuliangalie ziwa lenyewe, maana mnaligawana kama shamba la mihogo. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Lakini samaki hawaishi katika kina hicho chote. Upande wetu huu wa kaskazini, ukishapita kama mita 100 kwenda chini, hewa imekwisha ndani ya maji. Kwa hiyo mnachogombania ni ngozi ya juu tu ya ziwa. Na chakula cha ngozi hiyo kinatoka chini. Upepo wa kusini unaovuma kuanzia Mei ndio unaoyasukuma maji ya juu, yale ya chini yakapanda na rutuba yake, mimea midogo isiyoonekana kwa macho ikaota, vidudu vikala mimea, ndakala akala vidudu, mukeke akala ndakala. Sasa maji ya juu yamezidi kupata joto. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta, na upepo hauna nguvu ya kuyachanganya kama zamani. Mwaka 2003 watafiti walichapisha hesabu yao: chakula hicho cha chini kabisa katika mlolongo kilikuwa kimepungua kwa karibu asilimia 20, na samaki wanaoweza kutoka humo kwa karibu asilimia 30.

MVUVI WA NDOANO: Basi umenitetea, mwalimu. Kumbe ni jua, si ndoano.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Jua siwezi kulikalisha kwenye mkutano, baba. Wewe naweza.

MVUVI WA NDOANO: Unikalishe mimi, halafu yule aliyemaliza sangala? Katika miaka ya 1950 Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha, na miaka hiyohiyo zikaja hizi za taa. Baba yangu alikuwa akivua sangala ambaye kichwa chake kilijaza sufuria. Mimi nimevua wachache wa namna hiyo maisha yangu yote. Mwanangu hajavua hata mmoja. Waliomaliza sangala hawakutumia manyoya ya jogoo.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Hilo ni kweli, na limeandikwa. Nyavu za kuzungusha zilipofanya kazi kaskazini, sangala wakubwa waliporomoka haraka kuliko samaki wengine wote. Lakini jiulize kwa nini wao. Kwa sababu ni wakubwa, wanachelewa kukomaa, na ni wachache kuliko wale wanaowala. Mukeke ni ndugu yao wa damu, mdogo kwao. Kinachoua ukoo huo ni kuwatoa wakubwa. Wavu uliwatoa kwa tani na wewe unawatoa kwa mshipi. Tofauti ya kiasi ipo, tena kubwa. Tofauti ya aina siioni.

MFUNGAJI WA MANYOYA: Mwalimu, naomba niseme mimi ninayezifunga hizo ndoano, maana mnaitaja ndoano kama kitu cha dukani. Ya dukani, ile inayokuja kwenye kadi, manyoya yake yameshikwa na gundi. Samaki wa tatu akishaitafuna, unabaki na chuma kitupu. Mimi nafunga kwa bomba. Nachukua bomba jembamba la ndani ya biki, wino ukiwa umekwisha. Nalisafisha kwa petroli, nakata kipande cha urefu wa kucha ya kidole gumba. Ncha moja naisogeza karibu na moto wa mshumaa bila kuugusa. Plastiki inajikunja, inafanya ukingo, uzi hauwezi tena kuteleza upande huo. Ndani ya bomba napitisha sindano ya kushonea magunia ili nipate pa kushika, sindano naibana kwa koleo, koleo nalibana kwa magoti.

Naanza na uzi wa cherehani, mizunguko iliyobanana. Halafu vipande vya karatasi inayong'aa ya biskuti, vyembamba kama unywele, vitatu au vinne, visizidi, kwa sababu ndakala anang'aa, hawaki kama taa. Juu yake unyoya wa jogoo mweupe. Wa shingo, si wa bawa. Wa bawa ni mgumu, ndani ya maji unasimama kama ubao. Wa shingo unafunguka ukilegeza mshipi na unajifunga ukivuta, kama kitu kinachopumua. Nafunga fundo, nadondosha tone la rangi ya kucha ya dada yangu, naacha likauke. Mwisho natia macho mawili kwa biki nyeusi. Ndakala akikimbia, jicho lake ndilo unaloliona kwanza.

Sasa uzi wa nailoni unapita katikati ya bomba, na ndoano inafungwa nyuma yake, peke yake. Mukeke akiuma, bomba linapanda juu ya uzi, mdomoni inabaki ndoano tu. Manyoya hayatafunwi. Ndoano ikipinda nabadilisha ndoano, manyoya ni yaleyale. Na mimi ndiye ninayeamua ndoano iwe ya ukubwa gani. Nikiweka kubwa, mukeke mdogo hawezi kuimeza hata akitaka. Hiyo ndiyo maana ya kuchagua. Mzee hajatia chumvi.

MVUVI WA NDOANO: Alipoleta bomba la biki mara ya kwanza nilimwambia arudi shule. Leo ninazo sita.

MWANDISHI: Ulijifunza wapi, kijana wangu? Hapa Fizi watu hufunga manyoya moja kwa moja kwenye chuma.

MFUNGAJI WA MANYOYA: Nimezaliwa Nyarugusu, Tanzania, kambini. Wazazi walikimbia vita vya 1996. Kule hakuna ziwa, kuna vumbi jekundu. Lakini baba alikuwa akifunga ndoano jioni, kwa mazoea tu, mikono isisahau. Tuliporudi Baraka nikaanza kutafuta kwenye simu watu wengine wanaofunga, nikawakuta Wazungu wa Scotland wanaovua salmoni. Bomba ni lao. Karibu mwaka 1945, fundi mmoja wa Aberdeen aitwaye Morawski, mfungaji wa kampuni ya Charles Playfair, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kufunga namna hiyo. Ndoano hizo za manyoya wao wanaziita nzi, ingawa nzi hayumo. Nikaona video ya mtu wa kule akikata bomba lake la plastiki, nikaangalia meza yangu, nikaona biki. Halafu nikagundua kitu kilichonikosesha usingizi. Sehemu kubwa ya manyoya wanayovulia Wazungu hao haifungwi Ulaya. Hapo Kenya, Nairobi na pembeni yake, kuna vyumba vizima vya mafundi, wengi wao akina mama, wanaofunga kutwa kwa ajili ya mito ya Ulaya. Wenzetu wale, wanaosema Kiswahili kama sisi.

MCHUUZI WA SAMAKI: Kenya walianzaje?

MFUNGAJI WA MANYOYA: Walowezi walileta samaki wa trauti kutoka Scotland mwaka 1905, wakawamwaga kwenye mito ya milima ya Aberdare. Samaki akaja, baadaye na ufundi wake ukaja. Kwa hiyo ninachosema ni hiki. Ziwa likifungwa, tupeni meza, koleo na jogoo. Miezi hiyo mitatu vijana wa ekipe wafunge manyoya. Nusu tuuze nje kama Kenya, nusu tuvulie Agosti.

MWENYE EKIPE: Mwanangu, akili yako naipenda. Lakini barabara ya Uvira unaijua. RN5 mvua ikinyesha inakatika, vita vikinyanyuka inakatika. Hayo manyoya ya Ulaya utayapitisha wapi, na fedha zitarudi kwa nani? Kenya wana kiwanja cha ndege na wana mnunuzi anayelipa kwa mkataba. Sisi tuna kizuizi, na baada ya kizuizi kingine. Kila kimoja kitataka unyoya wake.

MFUNGAJI WA MANYOYA: Unyoya ni mwepesi, baba. Nzi mia wanaingia kwenye kopo la maziwa.

MWENYE EKIPE: Ukimpata wa kuagiza hao mia, njoo uniambie. Mimi mwenyewe nitakusafirishia kwa boti. Lakini usiwaambie vijana wangu watano kwamba watakula kwa manyoya ya Scotland mwezi Juni, kwa sababu Juni iko karibu na Scotland iko mbali.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Na kabla hatujaiacha hiyo Scotland, kijana ametuletea nusu ya habari. Nusu ya pili nitaileta mimi. Hao wanaovua kwa manyoya matupu, bila wavu, bila taa, mtu mmoja na ndoano moja: je, wao wanavua mwaka mzima?

MFUNGAJI WA MANYOYA: Hapana.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Sema.

MFUNGAJI WA MANYOYA: Kila mto una msimu wake wa kufungwa. Mto Tweed unafungwa Desemba na Januari. Na Jumapili hakuna anayeruhusiwa kuvua salmoni nchi nzima, hata kwa ndoano. Na tangu 2015, salmoni aliyevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili ni lazima arudishwe majini.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Basi. Wenye ndoano inayochagua kuliko zote duniani, nao ndoano yao inalala. Hawakusema manyoya hayana dhambi. Wamesema samaki anahitaji siku ambazo hakuna anayemtafuta. Baba, ukitaka kujitetea kwa ufundi, ufundi wenyewe umekuja na sheria yake.

MVUVI WA NDOANO: Mwalimu, nimekusikia mpaka mwisho, sasa nisikie. Mzungu wa mto Tweed akikosa Jumapili, Jumatatu anakwenda kazini kwake. Anavua kwa ajili ya kuvua. Mimi navua kwa ajili ya sufuria. Yeye akimrudisha salmoni majini anapiga picha, anakwenda nyumbani kula kuku. Mimi nikimrudisha mukeke ninakwenda nyumbani kula nini? Na hata nikitaka kumrudisha, haiwezekani. Mukeke akivutwa kutoka chini kwa haraka anafika juu tumbo limevimba, macho yametoka. Ukimwachia anaelea ubavu, mwewe anamchukua. Huwezi kuchukua sheria ya mchezo ukaifanya sheria ya njaa.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Hapo kwenye kumrudisha, nakubali. Umenifundisha. Hilo la kumrudisha kwetu haliwezekani.

MVUVI WA NDOANO: Na hilo la njaa?

MWALIMU WA BIOLOJIA: Hilo namwachia mama ajibu.

MCHUUZI WA SAMAKI: Nitajibu, lakini baba hatapenda. Mnaongea kuhusu samaki kama vile samaki wote wanaliwa na watu walewale. Mimi nauza Baraka sokoni miaka kumi na saba. Mukeke wako, baba, najua anakwenda wapi. Anakwenda kwenye harusi, anakwenda kwa mfanyakazi wa shirika, anakwenda kwenye hoteli ambako wanamkaanga mzima na kumwekea limau. Mama wa kambi ya Lusenda, mkimbizi wa kutoka Burundi, hanunui mukeke. Mama wa huku milimani anayeshuka na maharage kichwani hanunui mukeke. Wananunua ndakala wakavu, kwa kopo, tena wengine nusu kopo. Mtoto wake anayeanza kuvimba miguu, nywele zikageuka rangi, bwaki hiyo, dawa yake ni ndakala waliotwangwa kwenye uji. Kwa hiyo ukiniambia ziwa lifungwe kwa ekipe na liachwe wazi kwa ndoano, unaniambia hivi: kwa miezi mitatu maskini hawatakula samaki, na wenye fedha wataendelea.

MVUVI WA NDOANO: Sikuwahi kulifikiria hivyo.

MCHUUZI WA SAMAKI: Kwa sababu wewe unaishia pwani, mimi naanzia pale unapoishia. Sisemi una kosa. Nakuonyesha anayelipa.

MWENYE EKIPE: Mama amesema nililokuwa nikilizunguka.

MCHUUZI WA SAMAKI: Na wewe kaka usifurahi haraka. Mwaka huu umeniletea ndakala wadogo mara ngapi, wale ambao ukiwaanika wanageuka unga? Nikikuuliza unasema ndio waliopatikana. Ekipe ilikuwa na taa mbili nilipoanza biashara. Leo taa za betri zimekuwa rahisi, mmeongeza na kuongeza, usiku usio na mwezi ziwa linang'aa kama mji ambao hatuna. Nakubali mfunge. Lakini mnapofungua mwezi wa nane, taa zirudi ngapi? Hilo hakuna anayelizungumza. Mtavua katika wiki mbili kile kilichopumzika miezi mitatu.

MWENYE EKIPE: Deni la taa ni langu, mama. Nikizima nusu, aliyenikopesha hatazima nusu ya deni.

MCHUUZI WA SAMAKI: Na deni langu? Mimi natoa fedha ya ndakala kabla hujaingia majini. Ziwa likifungwa, fedha yangu inakaa tumboni mwa taa zako.

MWANDISHI: Turudi kwenye ndoano kabla madeni hayajatumaliza. Mzee, tuseme mkutano wote unakubali ndoano iendelee. Utaratibu wake unauonaje?

MVUVI WA NDOANO: Mtumbwi wa mtu mmoja, usizidi wawili. Mchana tu, jua likizama uwe nchi kavu. Taa hapana. Ndoano kubwa, kipimo kimoja, mwalimu achague. Majina yaandikwe kwenye daftari la wazee wa pwani, kila mwalo na daftari lake: Baraka, Mboko, Sebele, Kazimia, na wa Ubwari wote. Atakayekutwa na wavu chini ya mbao, mtumbwi wake uchomwe. Nitauchoma mimi mwenyewe.

MWENYE EKIPE: Maneno mazuri. Sasa nikuulize habari ya usiku. Mwezi uliopita, siku ya giza, nilikuwa nje na taa zimewaka, maji yametulia, ndakala wameanza kukusanyika. Nasikia kasia. Nani huyo? Ni watu wa ndoano, watatu, wanne, wamejibanza ukingoni mwa mwanga wangu, wanadondosha manyoya yao kwa mukeke waliofuata ndakala walioifuata taa yangu. Betri niliyolipia mimi. Sikuwafukuza, maana mmoja wao ni mjomba wa mke wangu. Lakini usiniambie kwamba ndoano ni ya mchana.

MVUVI WA NDOANO: Wapo wanaofanya hivyo.

MWENYE EKIPE: Wewe?

MVUVI WA NDOANO: Nimefanya.

MWENYE EKIPE: Nakushukuru kwa kusema. Basi jua kwamba siku taa zikizimwa, nusu ya ndoano za Baraka zitakuwa hazina kazi hata zikiruhusiwa. Mtakwenda kutafuta mukeke gizani. Na hapo mtu ataleta taa moja, ndogo tu, ya kuonea. Kisha mbili. Kisha mwenye taa atasema, kwa nini nisiweke na wavu, ndakala si hawa hapa? Nani wa kumkamata? Wanajeshi wa majini? Akikamatwa leo, kesho amelipa, keshokutwa yuko majini, na sasa anavua kwa bidii zaidi ili arudishe alicholipa. Mlango ukifungwa wote, mtoto mdogo anaona umefungwa. Ukiachwa wazi upana wa ndoano, kila mtu atajipima kama anapita.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Hii ndiyo hoja ninayoiogopa kuliko ya mayai. Kwa upande wa samaki, ndoano za mchana, chache, zilizoandikwa, hazitaliua ziwa. Nasema hivyo ingawa dakika chache zilizopita nilikuwa mkali. Kwa upande wa watu sina uhakika kwamba uchache huo utadumu hata wiki.

MFUNGAJI WA MANYOYA: Kwa hiyo anayefuata sheria anaadhibiwa kwa sababu ya yule ambaye hatafuata?

MWENYE EKIPE: Mimi je? Mimi nanyamazishwa kwa sababu ya Wagiriki wa miaka ya 1950, kwa sababu ya jua, kwa sababu ya mtu wa Kigoma na mtu wa Rumonge ambao sijawaona. Sote tunalipia wengine hapa. Na tukiachia ndoano huku, wa ng'ambo nao watasema Wakongo wameachia. Mukeke aliyelala Ubwari leo, kesho yuko kwao. Makubaliano ya nchi nne yatavunjika kuanzia kwenye mtumbwi wako.

MVUVI WA NDOANO: Mtumbwi wangu haujawahi kupewa uzito mkubwa namna hiyo.

MCHUUZI WA SAMAKI: Baba, niulize la mwisho, la kike. Tuseme umeandikwa kwenye daftari. Mwezi wa sita, ziwa limefungwa, wewe unaingia mwaloni saa nne asubuhi na mukeke kumi na wawili. Vijana wa ekipe wamekaa pale juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, hawana hata ya sigara. Wake zao wamekuja kuchota maji. Unateremka na samaki mbele yao. Unamuuzia nani?

MVUVI WA NDOANO: Wewe.

MCHUUZI WA SAMAKI: Sitanunua.

MVUVI WA NDOANO: Utakataa samaki?

MCHUUZI WA SAMAKI: Nitakataa. Hao wanawake ndio wanaonianikia ndakala mwaka mzima. Siwezi kupita mbele yao na beseni la mukeke, halafu mwezi wa nane niwaombe wanipe kipaumbele. Kama unataka ndoano iruhusiwe, tafuta mnunuzi kwanza. Kwa sheria unaweza kushinda. Pale mwaloni sijui.

MFUNGAJI WA MANYOYA: Basi iwe ya kula nyumbani tu. Hakuna kuuza. Kila nyumba yenye mtumbwi, mtu mmoja, mshipi mmoja, na idadi ijulikane.

MWALIMU WA BIOLOJIA: Hilo ningeweza kulipeleka mbele ya mkutano na kulitetea. Idadi gani?

MVUVI WA NDOANO: Watano kwa siku.

MWENYE EKIPE: Watano kwa nyumba ya watu wangapi?

MVUVI WA NDOANO: Kwangu tuko kumi na mmoja.

MWENYE EKIPE: Kwangu kumi na wanne. Na mimi sijui kuvua kwa ndoano. Nimekua kwenye ekipe, mikono yangu inajua kamba, haijui mshipi. Nyumba yangu itakula nini?

MFUNGAJI WA MANYOYA: Nitakufundisha, baba. Kufunga siku tatu, kuchezesha mshipi wiki moja.

MWENYE EKIPE: Na vijana wangu watano?

MFUNGAJI WA MANYOYA: Nao.

MWENYE EKIPE: Hesabu basi. Mimi, vijana wangu watano, na ekipe zote za pwani hii, kila moja na vijana wake, wote na mshipi mkononi, wote na mukeke watano kwa siku, siku tisini. Mwalimu, bado unaweza kulitetea?

MWALIMU WA BIOLOJIA: Ngoja niandike hizo namba.

MVUVI WA NDOANO: Andika. Lakini andika pia kwamba nimeanza na ishirini, nikashuka mpaka watano, na hapa nilipokaa bado kuna anayenitaka nishuke.